Mlango Niliomfungia Pa Noi

Nyumbani, mjini Ibra, baada ya sala ya alasiri

Raya, mwanangu,

Uko chumba cha pili unabishana na shangazi yako juu ya uzito wa begi, na sauti zenu nazisikia mpaka humu. Mambo ya pasi, ya dawa za kifua, ya kutokunywa maji ya mfereji, hayo keshakwambia yeye mara tatu, na mimi sitaongeza. Nimechukua karatasi kwa sababu lipo jambo la mamako unalolijua sivyo, na aliyekufanya ulijue sivyo ni mimi.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua unakisoma taratibu, na maneno mengine utayapinda unavyotaka wewe. Lakini Kiarabu changu ni cha ofisini, cha barua za wizara, na haya yote yalitokea kwa Kiswahili. Pahala utakapokwama, niulize.

Ulipokuja kunambia umepata kazi Bangkok, kutafsiria wagonjwa wa Kiarabu hospitalini, nilisema hapana kabla hujamaliza. Ukasema, "Baba, kazi hii nimepata mimi mwenyewe. Sijaomba mtu." Nikasema hapana tena. Shangazi yako akakuvuta pembeni akakwambia, "Mwachie babako, mji ule ulimchukulia mkewe." Ukanionea huruma. Mwaka mzima hukulitaja tena jambo lile mbele yangu, ukawa unaniletea chai na kunitazama kwa macho ya upole. Upole ule ulinitafuna, Raya, mpaka nikasema nenda, kwa sababu sikukukatalia kwa uchungu. Nilikukatalia kwa hofu. Niliona utakaa mji ule, utaijua lugha yao, na siku moja utakutana na mtu atakayekueleza mamako alikufaje.

Ulikuwa na miaka tisa. Tulikuacha kwa bibi yako mjini Aija, tukasema wiki tatu, zikawa miezi minne. Unachojua ni kwamba Zuwena alifariki mkono wake umo mkononi mwangu, nami namtamkia shahada. Hivyo ndivyo walivyosema watu waliokuja matangani. Mzee mmoja alinishika bega, "Alhamdulillahi, ulikuwa naye," nikainamisha kichwa. Mtu akiinamisha kichwa watu husema keshakubali. Baadaye ilikuwa vigumu kukiinua.

Sikuwa naye.

Tulipanga vyumba viwili, ghorofa ya tatu, kwenye kichochoro kilichojaa wagonjwa wa Ghuba na jamaa zao. Chini palikuwa na maduka ya ubani na majoho, na katikati yake watu wa mji wenyewe wanapika barabarani tangu alfajiri. Kuna aliyetwanga papai bichi kwenye kinu cha udongo kwa pilipili na ndimu. Kuna aliyeuza supu ya tui na mchaichai. Juu ya yote palikuwa na harufu ya maji ya samaki wanayotia kwenye kila kitu, na mamako siku ya kwanza aliziba pua akacheka. "Said, tumekuja mbali kote huku kumbe tumefika Ashkhara, wanapoanika papa!"

Dawa zilimkata hamu ya kula. Nilimletea wali na nyama za mikahawa ya Kiarabu, akawa anazisogeza kwenye sahani. Asubuhi moja tumetoka hospitali, akasimama ghafla pale mlangoni kwetu. Mwanamke mmoja, mfupi, kapita sitini, alikaa nyuma ya jiko la mkaa, mbele yake chuma kina mashimo mashimo, anamimina unga wa mchele na tui kwa birika. Mamako akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo.

"Vitumbua," akasema. "Said, wallahi, vitumbua."

Vilikuwa vidogo kuliko vyetu, vilaini katikati, na vingine juu vimenyunyizwa majani ya kitunguu. Mwanamke yule akaviunganisha viwili viwili, akaviweka kwenye jani la mgomba, akamnyooshea. Nami nikaurudisha mkono wa mamako.

Sababu nilikuwa nazo. Nilisema hatujui chuma kile kinapakwa mafuta ya mnyama gani. Mwanamke yule alifahamu, nafikiri si mimi wa kwanza kumuuliza, akafungua kitambaa alichokuwa akipakia mashimo akanionesha: chicha za nazi, hakuna kingine. Basi nikatafuta sababu nyingine. Ukutani nyuma yake palikuwa na kijumba kidogo cha mbao, ndani yake maua na kikombe cha maji, na kila alfajiri vitumbua vya chuma chake cha kwanza hakuviuza. Alipiga magoti akawapa watawa wao, wale wanaopita peku wamevaa mashuka ya rangi ya manjano iliyoiva. Nikamwambia mamako, "Chakula kinachoanzia kwa masanamu mimi siingizi nyumbani kwangu."

"Hakianzii kwa masanamu," akanijibu. "Kinaanzia kwa wenye njaa. Nawatazama kila siku dirishani. Wale hawapiki, wanangoja kupewa."

Akawa anakula nikitoka. Nilijua, maana nyumba ilinuka tui, na nikajifanya sijui, na hivyo ndivyo tulivyoishi.

Mwanamke yule aliitwa Noi. Watu wote wa kichochoro walimwita Pa Noi, kama sisi tunavyosema mama mkubwa. Pembeni yake aliuza biriani la kuku mwanamke Muislamu wa kusini ya nchi yao, Mariam, aliyefanya kazi Makka miaka mitatu na Kiarabu chake kinatosha. Hao wawili wakawa watu wa mamako. Mimi nilikuwa na jamaa wa mkahawani, Waomani wenzangu, kila mmoja ana mgonjwa wake juu na kila mmoja yuko chini anacheza karata.

Sasa nikwambie kwa nini nilikuwa chini. Tulipotimiza mwezi wa tatu kule, daktari aliniita peke yangu. Akasema walichoweza wamefanya, kilichobaki ni kumpumzisha, na kama nataka kumrudisha kwao nimrudishe sasa angali anaweza kupanda ndege. Nilitoka mle nikamkuta mamako amekaa kwenye kiti cha magurudumu ananingoja. "Kasema nini?" Nikasema, "Kasema subira." Nilimdanganya nikijiambia namhurumia. Kweli yake, sikuweza kuyatamka maneno yale na kuutazama uso wake. Tangu siku hiyo nikawa siwezi kukaa naye chumba kimoja kwa muda. Nikikaa, nahisi ataniuliza. Akiwa kimya, nahisi anajua. Basi natafuta safari: dawa, maji, sala, sigara, na sigara nilikuwa nimeziacha kabla hujazaliwa.

Na alijua. Alikuwa akijua muda wote, ila aliningoja nimwambie.

Halafu ikaja sikukuu yao ya maji, mwezi unapokuwa mpevu baada ya mvua kwisha. Kichochoro kizima siku mbili walikaa wakikunja majani ya mgomba. Hukata gogo la mgomba kipande cha duara, wakakizungushia majani yaliyokunjwa ncha ncha, katikati maua, mshumaa na udi, kisha jioni hukiachia kwenye mfereji mpana unaopita mtaani, kikaenda zake na maji. Mariam alimweleza mamako kwamba wanayaomba maji msamaha kwa walivyoyachafua mwaka mzima, na kila mtu anaachia na lake la moyoni. Mariam mwenyewe hakuwa akifanya. Alikuwa akienda kuuza biriani, na kutazama.

Nilirudi maghribi nikamkuta mamako amevaa. Amejitanda kanga yake ile ya kisutu, amekaa kitandani, na Pa Noi amesimama mlangoni amekuja na kiti cha magurudumu.

"Nataka kwenda kwenye mfereji," akasema. "Dakika kumi. Nitakaa na Mariam. Sitashika kitu, sitasema kitu. Nataka kutazama taa tu, Said. Nimechoka na ukuta huu."

Nikamwambia, mbele ya mgeni, kwa sauti ambayo yule mgeni hakuhitaji tafsiri, "Sikukuleta huku uje kuabudu maji."

Mamako akanitazama. Akasema polepole, "Wewe unamwogopa Mungu au unaniogopa mimi?"

Nikachukua ufunguo nikatoka, nikafunga kwa nje. Nilikaa mkahawani mpaka taa zote za mferejini zilipokwisha kupita. Niliporudi alikuwa bado amekaa vilevile, na kanga yake. Kutoka dirisha lile mfereji hauonekani, Raya. Kuna ukuta wa jengo la pili na mabomba.

Nimeifikiria jioni ile kwa miaka kumi na tano, na sitaki ufikiri nakwambia kuwa dini ilinikosesha. Dini haikunikataza kukisukuma kiti cha mke wangu mpaka ukingoni mwa mfereji nikakaa naye. Nilichukua jina kubwa nikaficha nyuma yake kitu kidogo, uoga wa mtu mmoja. Nimewaona na wengine wakifanya, na kila nikisikia mtu anapaza sauti sana juu ya haramu mbele ya mgonjwa, hujiuliza anakimbia nini.

Baada ya siku tisa, adhuhuri, alinambia, "Leo kaa." Nikasema nakwenda kuchukua dawa, narudi sasa hivi. Dawa nilizichukua kwa robo saa. Kisha nikakaa mkahawani na karata, simu nimeifunga, mpaka alasiri. Hivyo tu. Hapakuwa na ajali, hapakuwa na foleni, hakuna kilichonizuia. Nilikaa.

Nilipopanda ngazi nilikuta mlango wetu wazi na viatu viwili vya wanawake nje. Ndani Mariam amekaa kichwani kwa mamako, msahafu mdogo mkononi, anasoma. Pa Noi amekaa chini sakafuni, ameshika mguu wa mamako juu ya shuka, na aproni yake imejaa unga mkavu wa mchele. Mamako alikuwa keshafunikwa uso.

Mariam ndiye aliyenieleza. Pa Noi alipanda kumletea vitumbua vyake kama kila siku, akamkuta anahema vibaya. Akanipigia simu. Akapiga tena. Akaita gari ya wagonjwa, ambayo haikuwahi. Kisha mwanamke yule, asiyejua hata alif, akateremka ghorofa tatu mbio, akaacha jiko lake linawaka barabarani, akamshika Mariam mkono akamwambia, "Watu wenu mna maneno mnayosemewa wakati huu. Njoo umsemee." Mariam alipanda akamtamkia mamako shahada, na mamako akaitamka, ikasikika. Mikono iliyomshika ilikuwa ni ya Pa Noi.

Yule niliyemkatalia chakula chake ndiye aliyehakikisha mke wangu anaondoka duniani na shahada mdomoni. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, naswali sala tano kwa wakati, na nilikuwa chini nacheza karata.

Sasa nakuja kwenye lililo lako wewe, kwa sababu hayo mengine ni yangu na mamako, na tutayaongea mbele ya Mola.

Kesho yake asubuhi nilikuwa peke yangu nikingoja karatasi za kusafirisha maiti. Mlango ukabishwa. Pa Noi, amevaa nguo nyeupe, mkononi chakula ndani ya jani. Baadaye nilikuja kujua kuwa alitoka kuwapa watawa chakula kwa niaba ya mamako na kumwaga maji ardhini ili thawabu zimfikie. Mimi siamini wanavyoamini. Lakini nawe unajua tunavyowapikia maskini sadaka ya maiti wetu, na nikikumbuka nguo yake ile nyeupe naona alikuwa akimfanyia mamako jambo lile lile kwa njia anayoijua.

Akaanza kusema. Akaonesha mdomo wake, kisha akaonesha picha yako, ile ya skuli uliyong'oka meno, iliyokuwa mezani nyuma yangu. Akaonesha mdomo tena. Nilidhani anakuja kumwombea maiti wangu kwa miungu yake. Nilidhani, na hili ndilo la kweli zaidi, kwamba anakuja kuniuliza nilikuwa wapi. Nikasema kwa Kiingereza, "Basi, basi, imekwisha," nikamfungia mlango usoni.

Hakuondoka mara moja. Nilisimama upande wa ndani nikamsikia anasema kitu, taratibu, anarudia, kama mtoto wa chuoni anayesoma sura aliyoihifadhi bila kujua maana yake. Maneno sikuyapambanua, nikadhani ni dua zao. Halafu nikasikia kandambili zake zinateremka.

Nilirudi na mamako tukamzika Ibra, na yaliyobaki unayajua, ila mawili hukuyaelewa. Ramadhani zote zile nilikataza vitumbua visipikwe nyumba hii. Ulipokuwa na miaka kumi na sita ulijifundisha mwenyewe, ukaniwekea sahani wakati wa kufuturu, nami nikanyanyuka mezani, na nilikusikia unalia jikoni. Sikuja. Nisamehe hilo kwanza, maana hilo ni dogo na labda linawezekana.

La pili, mwaka juzi nilikwambia nakwenda Misfat siku tano kwa rafiki yangu kupumzika, baada ya kustaafu. Nilikwenda Bangkok. Nilitaka kumshukuru. Kichochoro nimekikuta, mkahawa umekuwa duka la simu, na pale alipokaa Pa Noi pana kijana na mashine ya kahawa. Mariam yupo, na sufuria lake lile lile. Hakunijua mpaka nilipomwonesha picha ya mamako.

Akaweka upawa chini. "Wewe ndiye mume?"

"Ndiye mimi."

"Yale maneno Noi alikupa?"

"Maneno gani?"

Akanivutia kiti. Akaniambia kwamba kabla Pa Noi hajateremka kumwita yeye, mamako alisema naye kwa lugha yetu. Alijua Pa Noi hafahamu. Alimshika uso, akamwambia sentensi moja, akamfanya airudie, akamsahihisha, akamfanya airudie tena. Katikati yake mlikuwa na jina lako. Siku ile nzima, na usiku, Pa Noi alikuwa akiyasema maneno yale peke yake mbele ya jiko ili yasimpotee. Asubuhi akanipandishia.

"Na wewe huyakumbuki?" nilimuuliza.

"Mimi nilisikia Raya tu," akasema Mariam. "Mengine alikuwa nayo Noi."

Pa Noi alihamia kaskazini, Lampang, kwa binti yake, magoti yalipomshinda. Mariam akaniandikia mahali alipo kwa herufi zao. Nilikwenda mpaka kituo cha mabasi. Nilikata tiketi. Nilikaa kwenye benchi na karatasi ile mkononi, basi likapakia watu, likaondoka, na mimi nimekaa. Niliogopa nimkute keshasahau. Niliogopa zaidi nimkute hajasahau. Kesho yake nikapanda ndege, nikakuletea asali ya Misfat niliyoinunua sokoni Nizwa, na wewe ukaisifu.

Karatasi ile nimeitia ndani ya barua hii. Siisomi, wewe baada ya miezi utaisoma. Miaka kumi na tano ni mingi kwa sentensi ya lugha usiyoijua, na mwanamke yule sasa kakaribia themanini, kama yu hai. Huenda ukafika ukakuta kaburi, au wao hawazikani, sijui hata hilo. Huenda ukakuta bibi kizee anayetabasamu tu. Sikwambii nenda. Yale maneno yalikuwa yako, nami nilikuzuilia. Ukiyapata, si lazima unambie. Kama mamako alinilalamikia humo, ni haki yake. Kama alinisamehe, sitaki kuyapata kwa kukuomba.

Na kama utaketi hospitali ile na mume anakuuliza umtafsirie nini kasema daktari, na ukaona anakwenda kumficha mkewe, mimi sina la kukufundisha. Unajua sasa yanavyokwisha.

Tangu mamako, nimeishi na watu wengi nikiwa peke yangu. Nimekaa barazani, nimekwenda harusini, nimekulea wewe, na katika kila mazungumzo kipo chumba kimoja nilichokizunguka nisikiingie. Ulidhani babako ni mtu mkimya kwa maumbile. Bibi yako wa Aija angekwambia ujanani mwangu nilikuwa siachi mtu kulala kwa maneno. Kesho nyumba itabaki na mimi na ukimya huu ambao nimeufanya mwenyewe, na silalamiki.

Nilikuwa nimeamua barua hii niifiche begini, chini ya nguo, uikute umeshafika huko na mimi niko huku. Shangazi yako keshapima begi, limezidi, mnatoa vitu. Nimebadilisha nia. Nitakupa mkononi baada ya kula, na nitakaa hapo hapo kwenye kiti mbele yako mpaka uimalize. Ukitaka kunipigia kelele, nipigie. Ukinyamaza, nitangoja. Ukisema kesho hupandi gari moja na mimi kwenda uwanjani, basi mtoto wa ami yako Khalfan atakupeleka, nimeshamwambia akae tayari bila kumwambia kwa nini.

Lakini sitatoka chumbani.

Babako,
Said